Picha Iliyopigwa Bila Kusomwa: Taya, Urithi na Eksirei katika Ukanda wa Dhahabu

Historia ya tiba katika Kanda ya Ziwa husimuliwa kwa kawaida kupitia magonjwa makubwa: malale, kichocho, malaria, kifua kikuu, UKIMWI. Ni haki yake, kwa kuwa magonjwa hayo ndiyo yaliyoujaza udongo wetu makaburi. Hata hivyo, anayetaka kuelewa jinsi dola inavyowatazama raia wake hujifunza mengi pia kutokana na ugonjwa mdogo, ule usio na siku ya kitaifa, usio na mfadhili, wala bango kwenye ukuta wa zahanati. Nimechagua ugonjwa mmoja wa namna hiyo. Ni ugonjwa wa kurithi unaojaza taya vifuko vya majimaji, ambavyo waganga wa meno huviita sisti, na ambao hautambuliki mpaka mtu aamue kupiga picha na kuisoma.

Mimi si tabibu. Nafundisha historia, na swali ninalolileta hapa ni la kihistoria na la kisiasa: katika ukanda wa Shinyanga na Geita, nani ametazamwa kwa eksirei, kwa ajili ya nini, na nani hajatazamwa?

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Mwaka 1960 madaktari wawili wa Marekani, Robert Gorlin na Robert Goltz, waliandika juu ya wagonjwa waliokuwa na mambo matatu kwa pamoja: saratani nyingi za ngozi, vifuko ndani ya taya, na mbavu zilizogawanyika ncha kama panda ya manati. Tangu hapo hali hiyo imeitwa sindromu ya Gorlin na Goltz. Haikuwa imezaliwa siku hiyo. Mwaka 1894, Jarisch na White walikuwa wameshaandika, kila mmoja kwa upande wake, juu ya wagonjwa wa aina hiyo, ila walichokiona ni ngozi tu. Sababu ni rahisi: Wilhelm Röntgen aligundua miale yake Novemba 1895. Mwaka mmoja kabla yake hapakuwa na binadamu aliyeweza kuona ndani ya taya la mtu aliye hai.

Ushahidi wa zamani zaidi wa hali hii unatoka katika bara letu. Mwaka 1969 watafiti Satinoff na Wells walieleza mifupa ya Misri ya Mafarao iliyokuwa na mashimo ya vifuko katika taya pamoja na mbavu zilizogawanyika. Anayedhani kwamba magonjwa ya vinasaba ni mambo ya Wazungu, na aikumbuke mifupa hiyo.

Chanzo kilijulikana mwaka 1996. Ni hitilafu katika jeni iitwayo PTCH1, iliyo katika kromosomu ya 9. Jina hilo limetokana na inzi wadogo wa matunda, ambao Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus waliwachunguza ili kujua namna kiinitete kinavyojipanga. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1995, pamoja na Edward Lewis. Jeni hii hufanya kazi ya breki: huzuia chembe za mwili zisiendelee kuzaana bila kikomo. Mwenye nakala moja mbovu huwa na uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumrithisha kila mtoto wake, awe wa kike au wa kiume. Wapo pia wanaozaliwa nayo bila kuirithi kwa yeyote, kwa kuwa hitilafu ilianza kwao.

Hapa ndipo jambo linapotuhusu sisi moja kwa moja. Vitabu vingi vya kitabibu viliandikwa Ulaya na Amerika Kaskazini, na mgonjwa aliyemo katika picha za vitabu hivyo ni mtu mweupe mwenye uso uliojaa vivimbe vya saratani ya ngozi. Kwa watu weusi saratani hizo ni chache zaidi, na wengi hawazipati kabisa, kwa kuwa rangi ya ngozi huwakinga kwa kiasi kikubwa. Daktari aliyefundishwa kutafuta ngozi hataona kitu kwa Msukuma, Msumbwa au Mzinza. Kwa mgonjwa wetu, mlango wa kwanza wa utambuzi ni taya. Na taya halijisemi lenyewe. Linasemewa na picha.

Vifuko hivi vina tabia ya hila. Mara nyingi hujitokeza katika umri wa ujana, hasa nyuma ya taya la chini, karibu na magego. Badala ya kuvimba kuelekea nje, hukua kufuata urefu wa mfupa, vikila uboho polepole bila maumivu. Kijana anaweza kutembea na taya lililobaki ganda kama la yai, asijue lolote hadi jino lilegee, usaha utoke, au mfupa uvunjike. Na vikishaondolewa, vina sifa mbaya ya kurudi. Hans Philipsen, mtaalamu wa Denmark, alivipa jina lake la kitaalamu mwaka 1956. Shirika la Afya Duniani liliviweka katika kundi la uvimbe halisi mwaka 2005, kisha likavirudisha katika kundi la sisti mwaka 2017. Wataalamu wakibishana kuhusu jina, kijana wa kijijini anahitaji jambo moja: mtu wa kuviona mapema.

Njia ya kuviona imekuwapo muda mrefu. Mapema mwaka 1896, miezi michache tu baada ya ugunduzi wa Röntgen, Otto Walkhoff wa Ujerumani alipiga picha ya meno yake mwenyewe kwa kukaa mbele ya miale takriban dakika 25. Katikati ya karne ya 20, Yrjö Paatero wa Finland alibuni namna ya kuizungusha mashine kuzunguka kichwa, ili taya zima, kutoka sikio hadi sikio, litokee katika picha moja pana. Picha hiyo ndiyo inayomfichua mgonjwa wa Gorlin: mahali ambapo picha ndogo ya jino moja ingeonyesha kifuko kimoja, picha pana huonyesha viwili, vitatu, vinne, na meno yaliyosukumwa mbali na mahali pake. Kifuko kimoja kinaweza kuwa bahati mbaya. Vingi kwa kijana mmoja ni swali kuhusu ukoo wake.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 1940 John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi Mwadui, kilomita chache kutoka mji wa Shinyanga. Alipofariki mwaka 1958, mgodi ulinunuliwa kwa ubia na serikali ya kikoloni ya Tanganyika na kampuni ya De Beers. Magharibi yake, Geita, dhahabu ilishajulikana tangu zama za Wajerumani, na mgodi wake ulichimbwa kuanzia miaka ya 1930 hadi miaka ya 1960, kabla ya kufunguliwa upya kwa mtaji mkubwa mwaka 2000. Kati ya miji hiyo miwili kuna Kahama, Bulyanhulu na Buzwagi, pamoja na mamia ya machimbo ya wachimbaji wadogo.

Uchumi wa madini una uhusiano wa zamani na eksirei. Almasi hung'aa inapopigwa na miale hiyo, na migodi huitumia sifa hiyo kuitenganisha na mawe mengine. Katika migodi ya almasi ya kusini mwa Afrika, wafanyakazi walipitishwa mbele ya eksirei ili kutafuta mawe waliyodhaniwa kuyameza. Katika migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, ambako hata vijana wa Tanganyika walikwenda kama manamba, vifua vilipigwa picha kwa wingi ili kujua nani bado ana mapafu ya kufaa kazi na nani arudishwe kwao. Mwili wa mchimbaji ulitazamwa kama chombo cha kazi: mapafu kwa ajili ya uzalishaji, tumbo kwa ajili ya wizi. Hakuna aliyemuuliza habari za watoto wake.

Nimetaja picha za kifua kwa makusudi. Moja ya dalili za sindromu hii, kama nilivyoeleza, ni ubavu uliogawanyika ncha. Ubavu huo huonekana katika picha ileile ya kifua inayopigwa kutafuta kifua kikuu au vumbi la mawe katika mapafu. Kwa maneno mengine, msomaji wa picha anapotafuta kivuli cha ugonjwa mmoja, dalili ya ugonjwa mwingine inaweza kuwa imelala pembeni, katika karatasi ileile. Ubavu wa namna hiyo peke yake hauthibitishi kitu, kwani wapo watu wenye afya njema walio nao. Ila kijana mwenye ubavu huo na historia ya kufanyiwa upasuaji wa taya mara mbili ni mtu ambaye mfumo unaofikiri ungemwita na kumuuliza maswali. Mfumo unaotazama mapafu peke yake humwandikia kwamba hana tatizo, kisha humruhusu aende.

Wapo watakaosema kwamba katika nchi maskini hatukuwa na namna ya kuhangaika na taya za watu. Historia inawakanusha. Taya la mtoto wa Kiafrika liliwahi kuwa kitovu cha sayansi ya dunia, na kwa gharama ndogo. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto ambaye taya zake zilikuwa zimevimba pande zote. Muda mfupi baadaye alimwona mwingine Jinja. Alianza kupekua kumbukumbu za hospitali, akaandika mwaka 1958, kisha akafanya jambo la kiungwana na la akili: aliuliza. Alituma barua na picha kwa hospitali za serikali na za misheni, na katika miezi ya mwisho ya 1961, Tanganyika ikiwa mlangoni mwa uhuru, yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari kuukuu takriban maili 10,000, wakipita zaidi ya hospitali 50 kuelekea kusini mwa bara. Walirudi na ramani ya saratani iliyofuata joto na mvua, yaani iliyofuata malaria. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr waligundua kirusi katika chembe za uvimbe huo. Baadaye, Mara nayo ikawa uwanja wa utafiti wa kimataifa kuhusu uhusiano wa malaria na saratani hiyo.

Safari ya Burkitt inatufunza kwamba ramani ya ugonjwa hutengenezwa na mtu anayeuliza swali lilelile katika hospitali nyingi na kuyaandika majibu. Chombo kikuu kilikuwa daftari. Lakini inatufunza pia jambo chungu. Taya lile lilitazamwa kwa sababu liliahidi kuifunulia dunia siri ya saratani. Ugonjwa usioahidi hivyo, unaomhusu mama wa Msalala na wanawe watatu tu, haukupata gari wala daftari.

Penye pengo la maarifa, maelezo mengine huingia. Sisi wa kanda hii tunalijua hilo kwa uchungu. Kwa miongo kadhaa, vikongwe wa Shinyanga na Mwanza wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa jikoni. Sheria ya Uchawi imekuwapo tangu mwaka 1928 na haikuwalinda. Ualbino, ambao ni hali ya kurithi yenye maelezo ya kisayansi yaliyo wazi kabisa, uligeuzwa kuwa biashara ya damu kuanzia miaka ya 2000; hukumu ya kwanza iliyotangazwa kwa upana ilitolewa na Mahakama Kuu mwaka 2009, katika kesi ya mauaji ya mtoto wa miaka 14 mkoani Shinyanga. Hata meno hayakusalimika. Tangu miaka ya 1980, watoto wachanga wenye homa na kuharisha wamekuwa wakichanjwa ufizi ili kung'olewa "meno ya plastiki", ambayo ni vichipukizi vya kawaida vya meno ya utotoni.

Katika mazingira hayo, fikiria ukoo ambao baba alivimba taya, binti yake akavimba taya, na mjukuu naye sasa analalamika jino. Jirani hahitaji darubini ili kufikia uamuzi: ukoo huu umerogwa, au una laana, au ndio wenye uchawi wenyewe. Binti atakosa mchumba. Bibi yao, kama macho yake ni mekundu, atakuwa hatarini. Kwa hiyo picha ya eksirei, ikisomwa vizuri na kuelezwa kwa lugha ya heshima, hufanya kazi mbili. Hulinda mfupa, na huwaondolea watu wasio na hatia shutuma iliyowahi kugharimu maisha. Kila ninaposikia kwamba magonjwa adimu ni anasa, hoja hii ya pili ndiyo inayonizuia kukubali.

Tena neno "adimu" nalo linahitaji kupimwa. Makadirio kutoka Uingereza yanaweka hali hii katika mtu mmoja kati ya watu 31,000 hivi. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu zaidi ya milioni 5.2 katika mikoa ya Shinyanga na Geita pekee, na milioni 61.7 nchini kote. Kwa uwiano huo, mikoa hii miwili ingekuwa na watu kama 170, na taifa zima watu kama 2,000. Ni hesabu ya kukisia tu, nayo inatosha kuonyesha kwamba tunazungumzia darasa zima la watoto, si mtu mmoja wa ajabu.

Uwezo wa nchi nao umekua. Mafunzo ya udaktari wa meno yalianza Muhimbili mwaka 1979. Wataalamu wetu, akiwamo Elison Simon, wameandika katika majarida ya kimataifa juu ya uvimbe wa taya nchini Tanzania, na mmoja wa washirika wake alikuwa Paul Stoelinga wa Uholanzi, bingwa wa muda mrefu wa vifuko hivi tunavyovizungumzia. Bugando, Mwanza, imehudumia kanda tangu mwaka 1971, na Chato imepata hospitali ya rufaa ya kanda. Katika miaka ya karibuni serikali ilinunua mashine za CT kwa hospitali za rufaa za mikoa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Haya ni mafanikio, na ni uungwana kuyataja.

Lakini mashine haijibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Na hapa sayansi inatupa onyo ambalo watunga sera wanapaswa kulisikia. Wenye sindromu hii wana mwili unaodhurika kwa urahisi na mionzi. Watoto wao wachache hupata saratani ya ubongo iitwayo medulloblastoma, na wanapotibiwa kwa mionzi, miaka michache baadaye saratani za ngozi huchipuka palepale mionzi ilipopita. Kwa hiyo, kumpeleka mgonjwa wa namna hii kwenye CT kila anaporudi, kwa sababu tu mashine ipo na inapaswa kuonekana ikifanya kazi, ni kumtendea visivyo. Kinachomfaa zaidi ni picha pana ya taya, yenye mionzi kidogo, inayorudiwa kila mwaka katika miaka ya utoto na ujana; CT kwa kiasi, pale mpasuaji anapohitaji kujua mipaka ya kifuko; na MRI panapohitajika kuutazama ubongo. Ukubwa wa mashine si kipimo cha ubora wa huduma.

Napendekeza mambo manne, na yote yamo ndani ya uwezo wetu. Kwanza, kila hospitali ya rufaa ya mkoa iwe na mashine ya picha pana ya taya inayofanya kazi, na mtu aliyefundishwa kuisoma. Pili, fomu ya mgonjwa wa uvimbe wa taya iwe na swali moja la lazima: je, kuna ndugu wa damu aliyewahi kuvimba taya au kupasuliwa? Swali hilo halina gharama yoyote. Tatu, kipande kilichotolewa katika upasuaji kipelekwe maabara, na jibu lake lihifadhiwe pamoja na picha mahali ambapo daktari wa miaka kumi ijayo atalipata, kwa kuwa ugonjwa unaorudi unahitaji kumbukumbu isiyopotea. Nne, kitita cha bima kitambue ufuatiliaji wa muda mrefu wa wagonjwa hawa na jamaa zao. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi humtazama aliyeumia kazini. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu asiye na mwajiri, mwenye ugonjwa aliourithi na hakuupata mgodini, hana fungu linalomhusu.

Kwa wanafunzi wangu wa historia nina ombi jingine. Hospitali za kanda hii, zikiwamo za misheni kama Kolandoto iliyoanza mwanzoni mwa karne ya 20, zimerithi madaftari ya wagonjwa. Mengine yanaliwa na mchwa wakati tukisoma makala hii. Nendeni mkayafungue, kwa kibali na kwa kuzingatia siri za wagonjwa. Tafuteni taya. Tafuteni majina ya ukoo yanayojirudia. Burkitt alianza kwa kupekua madaftari ya aina hiyo hiyo, na hakuwa na intaneti.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, nasema kwa heshima: bajeti ijayo itakapojadiliwa, katika orodha ya vifaa vya hospitali ya mkoa, mashine ya picha ya taya itakuwa chini kabisa, karibu na mstari wa kukatwa. Kabla ya kuikata, ulizeni ni wagonjwa wangapi wa taya waliorudi zaidi ya mara moja mwaka uliopita, na ni wangapi kati yao walioulizwa habari za wazazi wao.